Miaka mitatu na kulanti ya pinki: niliyoyasoma mgongoni mwa galoni

Leo asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, nimefungua mfuniko wa rejeta nikachovya kidole. Kimetoka na pinki ileile niliyoimimina miaka mitatu na miezi miwili iliyopita, kilomita 61,400 nyuma. Hakina mchanga, hakina mafuta, hakina ule utelezi wa kahawia ambao nitausimulia sasa hivi. Nikanawa mikono kwa sabuni, maana kitu hiki ni sumu, nikaandika kwenye kidaftari kinachokaa kwenye kasha la dashibodi, nikaona sasa nina haki ya kuitolea maoni. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ukiisifia wiki ya kwanza hujasema kitu. Wiki ya kwanza hata maji ya bomba hupoza injini vizuri tu.

Jina la kampuni silitaji. Kulanti ya aina hii huuzwa kwa majina kibao, na ukienda kununua huenda usilikute langu kabisa. Nitakupa sifa zake ili uzitafute mwenyewe: ni ya magari ya Kijapani, imekwisha kuchanganywa kiwandani nusu maji nusu ethilini glaikoli (kimiminika kinachozuia maji kuganda na kuchemka upesi), ina asidi za kikaboni pamoja na fosfati, haina silikati wala borati (zote hizo ni dawa za kuzuia kutu, nitazieleza). Galoni ya lita nne. Gari langu ni dogo, injini ya petroli ya lita 1.5, bloku na silinda hedi zote za alumini, rejeta ya alumini yenye vichwa vya plastiki. Mfumo mzima unachukua lita 5.5. Ikumbuke hiyo namba, itarudi.

Kabla ya pinki kulikuwa na kijani, na hapo ndipo nilipoingia mkenge.

Gari nililinunua likiwa limeshatumika. Ndani ya chupa ya akiba mlikuwa na kitu chekundu kilichopauka. Kilipopungua nikaenda dukani nikaomba kulanti, muuzaji akaniuliza swali moja tu: "Dada, unataka kijani au nyekundu?" Nikamwambia sijui, kwani zina tofauti gani? "Zote ni moja, zinapishana rangi tu. Chukua hii ya kijani, inaenda magari yote." Na kweli galoni ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya magari yote. Mgongoni hapakuwa na namba ya kiwango chochote, wala aina ya vizuia kutu, wala muda wa kubadilisha. Palikuwa na picha ya theluji na picha ya jua. Nikanunua.

Kwa karibu miaka miwili nikawa naongeza hiyo kijani juu ya ile nyekundu, na kijani ikiniishia naongeza maji ya bomba. Bora liende. Dalili zilikuja taratibu kama mgeni asiyebisha hodi. Kwanza hita: nikifungulia hewa ya moto inatoka vuguvugu. Sikujali, nilidhani ni swichi. Kisha mshale wa joto, ambao siku zote ulitulia chini kidogo ya katikati, ukaanza kupanda kwenye foleni na kushuka nikishapata mwendo. Feni nayo ikawa haipumziki. Mpaka siku moja kwenye mlima mrefu, nimebeba watu wanne na mizigo yao, mshale ukagonga wekundu na mvuke ukaanza kufuka pembeni mwa boneti.

Nilisimama nikazima injini, na hilo nilifanya vizuri. Dakika kumi baadaye nilikuwa na kitambaa mkononi nataka kufungua mfuniko wa rejeta nione kulikoni. Abiria mmoja akanishika mkono. Namshukuru hadi leo. Mfuniko ule si kifuniko tu cha kuzuia maji yasimwagike. Una springi inayoubana mfumo ili ndani kuwe na mgandamizo. Wangu umeandikwa 1.1, yaani kilo 1.1 kwa kila sentimita ya mraba juu ya mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kulanti ya nusu kwa nusu ikiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 107 hivi za Selsiasi. Ikibanwa kiasi hicho, kiwango cha kuchemka hupita 125. Kwa hiyo ndani ya rejeta ya gari lililochemsha mna kimiminika cha nyuzi zaidi ya mia moja ambacho kinasubiri tu kufunguliwa ili kigeuke mvuke palepale. Usoni mwako. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kukiondoa, na hata hapo fungua taratibu.

Fundi alisubiri ipoe kabisa. Akafungua mfuniko, akaugeuza mbele ya macho yangu. Kwenye raba ya chini mlikuwa na kitu kama udongo wa mfinyanzi uliokandwa na grisi. Alikikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, kikabanduka kipande kizima, kikatetemeka juu ya kidole chake.

"Mama," akasema (dukani nilikuwa dada, gereji nikawa mama, nadhani ni uso niliokuwa nao siku hiyo), "umechanganya nini humu?"

Alipofungua koki ya kumwagia chini ya rejeta kikatoka kijito chembamba, kikasita, kikatoka tena, kikakata. Lita mbili hazikutimia. Nyingine zilikuwa zimenasa. Aliingiza waya kwenye koki ukatoka na uji wa kahawia. Thamostati, kile kilango kinachofungulia kulanti njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, ambayo kwenye gari langu inatakiwa ianze kufunguka kwenye nyuzi 82, ilikuwa imekwama imefunguka robo. Pampu ya maji ilikuwa na michirizi iliyokauka chini ya kile kitundu chake kidogo. Kitundu hicho kimewekwa makusudi: sili ya pampu ikianza kuchoka, tone hutokea hapo kabla halijafika kwenye beringi. Langu lilikuwa limetoa taarifa siku nyingi, na aliyetakiwa kuisoma nilikuwa mimi.

Kilichonitia hofu zaidi kilikuwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na silinda hedi. Fundi ana kichupa cha plastiki chenye kimiminika cha bluu, hukisimamisha kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inanguruma, na kwa puto la mpira huvuta hewa ya rejeta ipite ndani ya ile bluu. Gesi za moto kutoka kwenye silinda zikiwa zinavuja kuingia kwenye kulanti, bluu hugeuka manjano. Nilikikodolea macho kile kichupa kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Alivuta mara kumi, mara kumi na tano. Bluu ikabaki bluu. Nikakaa kwenye ndoo iliyokuwa karibu.

Basi ikawa rejeta mpya, pampu mpya, thamostati mpya, mfuniko mpya. Kwa gharama ya vitu hivyo vyote ningeweza kubadilisha kulanti sahihi kwa miaka mingi sana.

Uji ule ulitokea wapi? Hili lilinisumbua mpaka nikalifuatilia. Maji na glaikoli peke yake hula chuma, kwa hiyo kila kulanti huwekewa dawa za kuzuia kutu, na dawa hizo ndizo zinazotofautiana. Kulanti za zamani zilitegemea chumvi kama silikati, borati na fosfati. Hizo hufunika kuta za injini upesi kama rangi ya ukutani, lakini huisha upesi pia, ndiyo maana nyingi zilipewa miaka miwili hivi. Baadaye zikaja za asidi za kikaboni, zinazofanya kazi pale tu kutu inapotaka kuanza, hivyo huchukua miaka mitano au zaidi kuisha. General Motors ilizileta kwa nguvu katikati ya miaka ya 1990 kwa jina la Dex-Cool, rangi ya chungwa. Kisha wakaja wachanganyaji. Watengenezaji wa Ulaya wengi walishika silikati kidogo pamoja na asidi za kikaboni na kuikwepa fosfati, kwa sababu fosfati ikikutana na maji yenye chokaa nyingi hufanya ukoko. Wajapani wakafanya kinyume: waliona silikati inazisaga sili za pampu, wakaiacha, wakashika fosfati na asidi za kikaboni. Wote wana hoja. Shida huanza pale wewe unapowakutanisha ndani ya rejeta moja.

Mimi, kwa ninavyokisia, niliwakutanisha wote, halafu nikawaletea maji ya bomba. Fosfati ya ile nyekundu ilipata kalsiamu ya bomba ikawa ukoko. Silikati ya kijani, ikishapoteza vitu vinavyoishikilia ikae imeyeyuka, huganda kama jeli. Ongeza kutu. Ndiyo ule udongo wa mfinyanzi.

Na rangi? Rangi ni rangi tu. Kulanti yenyewe haina rangi. Kiwanda hutia rangi kinayoitaka. Kulanti ya Toyota ya muda mrefu zaidi ni ya pinki. Volkswagen nao walikuwa na G12, ambayo ilikuwa nyekundu inayoelekea pinki, na ni kitu kingine kabisa. Honda ni bluu, na G11 ya Volkswagen nayo ilikuwa bluu inayoelekea kijani. Hakuna kiwango cha kimataifa kinachosema pinki maana yake hiki na kijani maana yake kile. Kwa hiyo ukinunua kwa kulinganisha rangi ya galoni na rangi iliyomo kwenye chupa ya akiba umeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenye rangi nzuri.

Turudi kwenye pinki yangu. Safari hii nilivaa miwani dukani, nikageuza galoni nikasoma mgongo wote, muuzaji akanisubiri kwa adabu ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Nilikuwa nimenakili kutoka kitabu cha gari: ethilini glaikoli, asidi za kikaboni, bila silikati, bila amini, bila nitriti, bila borati. Maneno yote yalikuwepo, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Palikuwa pia na JIS K 2234 na ASTM D3306, viwango vya Japani na Marekani kwa kulanti za magari madogo. Namba hizo zinakuhakikishia kwamba ni kulanti kweli, si maji yaliyotiwa rangi. Hazikuhakikishii kwamba inafaa kwenye gari lako. Hilo liko kwenye kitabu cha gari. Mwisho palikuwa na muda: kilomita 80,000 au miaka mitano, kinachotangulia. Nikachukua galoni mbili.

Sasa kasoro yake ya kwanza, ambayo sijaona mtu akiisema, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya.

Baada ya rejeta mpya kufungwa, fundi aliusuuza mfumo kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa yakabaki bila chumvi. Alijaza, akawasha hadi thamostati ikafunguka, akapoza, akamwaga, akarudia mpaka yakatoka meupe. Mara nne. Kila akimwaga kwenye koki ya rejeta zilitoka lita 3.7, nilipima kwa chupa. Mfumo ni lita 5.5. Hesabu hiyo haihitaji shule: lita 1.8 za maji zilibaki ndani ya bloku na kwenye hita, na hazitoki mpaka ufungue nati ya bloku, ambayo kwenye gari langu ilikuwa imeshikana na kutu na fundi hakutaka kuivunja. Tukajaza lita 3.7 za pinki ambayo tayari nusu yake ni maji. Glaikoli iliyoingia ni lita 1.85 kati ya 5.5. Theluthi moja tu! Galoni imeandikwa nusu kwa nusu, gari linatembea na theluthi.

Sikuligundua kwa akili zangu. Nilikuwa nimenunua rifraktomita, kile kidude kama darubini ndogo: unadondosha matone mawili kwenye kioo chake, unafunika, unatazama kwenye mwanga, na mstari unakuonyesha ni nyuzi ngapi chini ya sifuri kulanti itaanza kuganda. Nusu kwa nusu inatakiwa isome kama 37 chini ya sifuri. Yangu ilisoma 18. Nikafikiri kidude ni kibovu, nikadondosha tone moja kwa moja kutoka kwenye galoni: 37 kamili. Ndipo nikakaa na kalamu.

Ukiwa mahali pasipoganda maji utasema inanihusu nini kuganda. Mimi pia nilijiambia hivyo kwa siku mbili. Lakini dawa za kutu zimo ndani ya ile kulanti, hazimo ndani ya maji. Glaikoli ikishuka kutoka nusu hadi theluthi, dawa nazo zimeshuka kwa kiwango kilekile, na miaka mitano iliyoandikwa kwenye galoni haikuhesabiwa kwa uji mwembamba. Tulimwaga tena lita 3.7, tukajaza 3.7 nyingine za pinki. Hapo mchanganyiko ukafika asilimia 45 hivi, rifraktomita ikasoma 30. Nikaridhika. Nikabakiwa na nusu lita na ushee kati ya galoni mbili.

Kwa hiyo: kama unasuuza mfumo kwa maji, usinunue iliyokwisha kuchanganywa. Nunua ile nzito isiyochanganywa ya aina hiyohiyo, mimina kwanza kiasi cha nusu ya ujazo wa mfumo mzima (kwangu ingekuwa lita 2.75), kisha malizia kwa maji yaliyokenekwa. Maji yaliyobaki ndani ya bloku yatakuwa sehemu ya hesabu badala ya kuiharibu. Iliyochanganywa ni nzuri kwa kuongezea, au kwa gari ambalo unamwaga kulanti ya zamani ya aina ileile na kujaza mpya bila kusuuza. Galoni yangu haikusema neno hata moja kuhusu hili.

Na usifike upande wa pili ukadhani nzito tupu ni bora zaidi. Maji hubeba joto kuliko glaikoli. Ukizidisha glaikoli injini inapoa vibaya zaidi. Hata kwa baridi haisaidii: glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, mapema kuliko ile ya nusu kwa nusu. Kati ya asilimia 40 na 60 uko salama.

Nimesema maji yaliyokenekwa. Wengi tunayaita maji ya betri, na hapo kuna mtego, maana kuna wanaoiita asidi ya betri kwa jina hilohilo. Soma chupa. Ukiona neno asidi, irudishe rafuni haraka.

Kujaza nako kuna ufundi wake, na fundi wangu sina la kumlaumu. Aliegesha gari pua ikiwa juu, akafungua hita hadi mwisho wa moto, akachomeka chupa iliyokatwa kitako kwenye mdomo wa rejeta iwe faneli. Alimimina polepole kuliko nilivyoweza kuvumilia. Mapovu yalipanda moja moja, makubwa, yenye sauti. Injini ikawashwa mfuniko ukiwa wazi, ikanguruma bila kukanyagwa. Kila baada ya muda aliminya mpira wa juu, kisha wa chini, kama mtu anayekamua ng'ombe, na kila akiminya povu jingine linatoka. Kwa dakika kama kumi na mbili kina hakikubadilika. Ghafla pinki yote ndani ya faneli ikazama: thamostati imefunguka. Akaongeza. Akasubiri feni iwake na kuzima mara mbili, akashika tundu la hewa ndani ya gari kuhakikisha hita inatoa moto wa kweli, ndipo akafunga. Asubuhi yake kina kwenye chupa ya akiba kilikuwa kimeshuka kidole kimoja. Nikaongeza hadi mstari wa F, yaani imejaa. Hakikushuka tena. Hewa ikibaki ndani hukaa juu kabisa, kwenye silinda hedi, mahali penye moto mkali kuliko pote, na kama kipima joto kipo hapo kinapima hewa badala ya kulanti, mshale unakudanganya wakati chuma kinaungua.

Kidaftari kinasema hivi kwa miaka hii mitatu. Kina hukikagua kila mwezi, asubuhi, injini baridi. Mara mbili kwa mwaka ni rifraktomita na zile karatasi za kupima uasidi na ualkali. Kwa karatasi, galoni mpya ilisoma 8. Sasa iko kwenye saba na nusu. Rifraktomita bado 30. Kupungua: mililita 150 kwa jumla, ukiacha tukio moja.

Tukio hilo ndilo lililonifanya niipende rangi yake, pamoja na yote niliyosema juu ya rangi. Mwezi wa ishirini na moja kina kilishuka vidole viwili ndani ya wiki tatu. Hakuna tone sakafuni, hakuna moshi mweupe kwenye ekzosi, mafuta ya injini safi kwenye kijiti. Nikachukua tochi nikaanza kufuata mipira kutoka juu kwenda chini, na kwenye maungio ya mpira wa chini, mgongoni mwa klipu, nikaona ukungu wa pinki uliokauka, kama chaki ya rangi iliyosuguliwa pale. Kila injini ilipopata moto ilikuwa inatoa jasho kidogo na kukauka kabla ya kudondoka. Klipu ilikuwa imelegea. Tukaweka mpya, ikaisha. Ingekuwa maji ya bomba nisingeona kitu mpaka mlima mwingine. Kwa njia, kama una jambo la namna hii usikimbilie zile dawa za kuziba matundu zinazomiminwa kwenye rejeta. Dawa haijui tundu lipi ni la kuvuja na lipi ni njia ya hita.

Mengine madogo. Mdomo wa galoni ni mbaya, unatema kwa kukohoa na lazima umwage kidogo. Mfuniko wake ni wa kubonyeza na kuzungusha, si rahisi mtoto kuufungua, na hilo nalipa alama zote, kwa sababu ethilini glaikoli ina utamu na haina rehema. Mwili huigeuza kuwa asidi, na fuwele zake huishia kwenye figo. Paka au mbwa akiramba dimbwi dogo tu anaweza kufa, na mtu akiimeza ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama anaonekana mzima, maana dawa yake ipo na inataka kuwahi. Ile ya kahawia niliyoitoa niliirudisha ndani ya galoni zake, fundi akaipeleka wanakopokea mafuta machafu. Haimwagwi mtaroni.

Nani asinunue hii? Mwenye gari la Ulaya ambalo kitabu chake kinataja namba zake lenyewe, afuate hizo. Mwenye gari la zamani lenye rejeta ya shaba iliyolehemewa kwa risasi; hizo zililelewa na kulanti za chumvi na kwa kawaida hukaa vizuri nazo. Mwenye lori la dizeli lenye silinda za kuchomeka zinazogusana na kulanti moja kwa moja. Kuta zake hutoboka kwa mapovu ya mtetemo, zinahitaji kulanti ya injini nzito yenye kinga ya hilo. Na mwenye gari ambalo hajui ndani mna nini, hata rangi ikifanana: huyo asiongeze, amwage, asuuze, aanze upya. Sisi wengine wenye injini ndogo za Kijapani za alumini, ichukue. Nyota nne na nusu kwa kilichomo, mbili kwa lebo.

Ile nusu lita iliyobaki sasa imefika mililita mia tatu na kitu. Iko kwenye buti, imefungwa vizuri, na juu ya chupa ya akiba nimebandika utepe mweupe ulioandikwa kwa kalamu ya wino mzito: PINKI, BILA SILIKATI, USIONGEZE KITU. Mwezi uliopita kituo cha mafuta kijana alifungua boneti akague maji, mkononi ana jagi la kijani. Nikamwona anainama, anasoma, anasoma tena.

"Mama, kwani zina tofauti?"

Nikashuka kwenye gari.